Fremu ya kufungulia kinywa cha sungura na kobayi: inavyofaa, na isivyofaa, kwa kazi ya uvimbe

Kinywa cha kobayi (yule mnyama mdogo wa kufugwa, cochon d'Inde kwa Kifaransa) hudanganya. Kwa nje unaona meno manne ya mbele na midomo inayotafuna kutwa nzima. Kwa ndani ni kitundu kisichopitisha kidole kidogo cha mtu mzima, mashavu yenye manyoya yamejikunja kuelekea katikati, ulimi mnene umejaa, na magego yako mbali nyuma gizani. Uvimbe ukianza kwenye ufizi wa gego la nyuma, unaweza kukua kwa majuma bila mtu kuuona. Dalili ni mate kidevuni, mnyama kukimbilia majani kisha kuyaangusha, na kilo kushuka. Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kununua kwa kazi hii si kisu, ni kitu cha kushikilia kinywa kibaki wazi huku mikono yote miwili iko huru.

Seti inayotathminiwa hapa ni ya aina inayouzwa kwa madaktari wa mifugo kwa ajili ya sungura, kobayi na wanyama wengine watafunaji: kibao cha chuma chenye nguzo, baa mbili za kulaza nyuma ya meno ya mbele (moja juu, moja chini), vipanua mashavu viwili vya waya wa springi, kijiko bapa cha kusukumia ulimi, na tupa ndogo ya meno. Hapa Lubumbashi seti hii ni ya kuagiza, na njia nyepesi kwetu ni ya Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mzigo ni mdogo na mwepesi, kwa hiyo usikubali kulipishwa usafiri kama wa vipuri vya gari.

Kabla ya kulipa salio, fungua boksi na upapase. Baa za bei ya chini huwa na ukingo mkali pale zilipokatwa, na ukingo huo ndio utakaokaa juu ya kaakaa la mnyama wa gramu 900. Kaza skrubu za nguzo, kisha vuta baa kwa kidole kwa nguvu kidogo: ikiteleza hata milimita mbili, itateleza zaidi ikishalowa mate na damu. Tazama pia kama kromu imebabuka kwenye maungio, maana kutu huanzia hapo. Kasoro tunayoiona mbaya kuliko zote ni baa nene. Inayomkaa sungura wa kilo tatu vizuri inaweza kuziba nusu ya kinywa cha kobayi, na hapo umenunua chombo cha mnyama mmoja tu. Dai seti yenye baa za kubadilisha, nene na nyembamba. Muuzaji akisema "moja inatosha wote", huyo hajawahi kuitumia.

Baa hazina mto, lakini dawa yake ni rahisi. Kata kipande cha mrija wa seramu (wa dripu), kipasue kwa urefu, kivishe baa. Meno hayakwaruziki, na baa haitelezi. Mrija huo unatupwa baada ya kila mnyama.

Namna ya kumweka mnyama ndiyo inayoamua kama fremu itakuwa msaada au hasara. Kwanza usafishe kinywa. Kobayi huweka mabaki ya chakula nyuma ya mashavu hata akiwa hajala saa nzima, na akilala mabaki hayo hushuka kwenye pafu. Pitisha maji ya uvuguvugu kwa sirinji ya mililita 5, kichwa kikielekea chini kidogo, kisha futa kwa vijiti vya pamba mpaka vitoke safi. Wala usimfungie chakula usiku kucha kama mbwa: sungura na kobayi hawatapiki, na tumbo lao likisimama kufanya kazi ndipo hatari inapoanza. Saa moja au mbili bila chakula zinatosha.

Akishalala kabisa, mlaze kifudifudi kwenye kibao. Baa ya juu iingie kwanza, halafu ya chini. Fungua kidogo kidogo, ukiangalia mashavu: yakianza kukaza kama ngozi ya ngoma, umefika mwisho. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Daktari haoni vizuri, anadhani tatizo ni upana, anazungusha skrubu tena. Mnyama aliyelala hana nguvu ya kukaza misuli, kwa hiyo hatakuonya. Mataya mawili ya chini ya sungura na kobayi yameungana mbele kwa tishu laini, si mfupa mmoja mgumu, na kiungo cha taya chini ya sikio ni chembamba. Ukizidisha, unaachanisha mataya au kuumiza kiungo, na kesho yake mnyama hali. Utasema ni maumivu ya kidonda, kumbe ni ya fremu. Legeza baa kila baada ya dakika tano hivi, hesabu hadi ishirini, uendelee. Kama kazi haijaisha kwa nusu saa, bora umalizie siku nyingine.

Ukikosa kuona, ongeza taa, usiongeze upana. Taa za kichwani wanazouziwa wachimbaji hapa mjini zina mwanga mkali na chaji hudumu, lakini mwanga wake hutawanyika. Tafuta inayoweza kubanwa iwe doa dogo. Miwani ya kukuzia mara mbili na nusu itakusaidia kuliko nusu ya vitu vilivyo kwenye seti hii. Kama pesa ni za kimoja tu, nunua miwani.

Vipanua mashavu vya seti ni vizuri, ila springi yake ni kali mno kwa kobayi. Vibane mkononi: kama vidole viwili haviwezi kuvifunga bila shida, vitachana kona ya mdomo. Pinda waya taratibu kwa koleo hadi viwe laini. Ncha zake pia zina tabia ya kupanda juu kuelekea jicho zikiachiliwa ghafla, kwa hiyo vitoe vikiwa vimebanwa, usiviache viruke.

Sasa uvimbe wenyewe. Fremu inakuwezesha kuufikia, lakini haikuambii kama unafaa kukatwa, na hapo seti nyingi hununuliwa kwa matumaini ya uongo. Kwa sungura, donge gumu kwenye taya mara nyingi si kansa, ni jipu la mzizi wa jino lenye usaha mzito kama jibini. Kwa sungura kijana mwenye vichunusi vyeupe vimekusanyika chini ya ulimi, fikiria papiloma ya virusi. Hiyo hupotea yenyewe ndani ya majuma au miezi, na kuikata ni kumpa mnyama kidonda kisicho na sababu. Mzizi wa jino unaokua kombo nao hutengeneza nundu ngumu kwenye kaakaa au chini ya taya, na mtu asiyepiga picha ya radio (eksirei) ataukata akidhani ni nyama. Piga picha za kichwa kwa upande, kwa mshazari pande zote mbili, kutoka juu, na kwa mbele. Ongeza ya kifua kama unashuku kansa. Bila picha hizo, acha kisu.

Kuna na hatari ambayo karatasi ya maelezo ya seti haitaji: kansa ikishakula mfupa wa taya, fremu inaweza kuuvunja. Picha ikionyesha mfupa umekuwa kama sifongo, weka fremu kando. Msaidizi ashike kinywa kwa vitanzi viwili vya kompresi (kitambaa cha shashi), kimoja nyuma ya meno ya juu na kimoja ya chini, avute kwa upole. Ni kazi ya kuchosha, lakini mkono wa mtu huhisi mfupa unapoanza kukubali kupita kiasi. Skrubu haihisi kitu.

Kwa uvimbe mdogo wenye shina kwenye ufizi au ndani ya shavu, hapo ndipo fremu inastahili bei yake. Kabla ya kukata, choma ganzi kuuzunguka. Lidokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 katika mililita moja. Ukishika kiwango cha miligramu 2 kwa kilo, kobayi wa gramu 900 anapata mililita 0.09 tu. Hiyo ni alama tisa kwenye sirinji ya insulini ya vizio 100. Anayekisia kwa jicho na sirinji ya mililita 5 atamzidishia mara nne bila kujua. Ukihitaji ujazo zaidi, iongezee maji ya chumvi ya seramu.

Nyuma ya koo weka kipande cha kompresi kilicholowanishwa na kukamuliwa, kimefungwa uzi mrefu unaoning'inia nje ya mdomo. Bila uzi huo, siku moja kitasahaulika. Oksijeni ipitie puani, maana wanyama hawa wote wawili hupumua kwa pua. Barakoa hukatwa kutoka sirinji ya mililita 20, ukingo wake ukafunikwa na kidole cha glavu. Fremu nyingi zina nguzo iliyokaa mahali hasa pa barakoa hiyo. Kasoro ndogo hii inaudhi kila mara, na suluhisho ni kukata barakoa kwa mshazari.

Kata kwa kisu namba 15 au 11, usianze kwa moto. Kisu cha kuunguza hukausha kingo za nyama, na mtu wa maabara hataweza kusema kama kansa imebaki au imekwisha. Moto ni wa damu tu, baada ya uvimbe kutoka. Kalamu za kuunguza za betri zinafaa sana mji ambao umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, unaweza kuondoka katikati ya kazi, ila waya wake hufika karibu nyuzi 1,200. Funga oksijeni, subiri dakika nzima, ndipo uwashe. Oksijeni, manyoya makavu na waya mwekundu ndani ya kinywa kimoja ni moto wa kweli, si wa mfano.

Damu ipimwe, isikadiriwe. Kobayi ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo, sungura karibu 57. Huyo wa gramu 900 ana mililita 63 hivi mwilini mwote. Akipoteza sita ametoa sehemu ya kumi. Hiyo ni kijiko cha chai na kidogo juu. Pima kompresi zikiwa kavu kwenye mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.1, zipime tena zikiwa na damu: gramu moja ni karibu mililita moja. Ukifika sita, simama na ubane. Ukikaribia kumi, kazi ya siku hiyo ni kumwokoa mnyama. Kama una maji ya kuoshea kinywa, yatoe kwenye hesabu, la sivyo utajitisha bure.

Shona kwa uzi unaoyeyuka, namba 5-0, mafundo yazikwe ndani. Fundo linalobaki nje ya ufizi wa mtafunaji hufanyiwa kazi na ulimi usiku kucha, na asubuhi hulikuti.

Je, uvimbe ukiwa kansa ya kweli ya ufizi, inayoshika mfupa? Kwa mbwa, daktari hutafuta sentimita moja ya nyama nzima kuuzunguka. Katika taya la kobayi sentimita moja ni taya lenyewe. Hapo kinachobaki ni kuondoa kipande cha taya, na seti hii haina chochote cha kazi hiyo: haina msumeno wala kichonga mfupa chembamba. Anayeuza kwa kusema inatosha "upasuaji wote wa kinywa" anadanganya. Mwenye mnyama naye aambiwe mapema gharama inayofuata. Meno ya sungura na kobayi hayakomi kukua. Ya mbele ya sungura huongezeka kama milimita mbili kwa juma. Ukiondoa upande mmoja wa taya la chini, meno ya juu ya upande huo hayana tena ya kusuguana nayo. Yatakatwa kila baada ya majuma machache, maisha yote ya mnyama. Kuna familia itakayokubali na itakayokataa, na zote mbili zina haki, mradi zimejulishwa kabla ya kisu.

Nyama iliyotoka isiishie kwenye ndoo. Iweke kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande chenyewe, kwenye chupa yenye mdomo mpana. Ikishakakamaa ndani ya chupa yenye shingo nyembamba, haitoki. Paka wino upande mmoja uliokatwa na uandike ni upande gani. Kama unachukua kipande kidogo tu cha kupima, chukua kutoka ndani ya kinywa, si kupitia ngozi ya shavu, na kwenye mpaka wa nyama hai. Katikati iliyooza haisemi kitu. Maabara inayosoma nyama za watu ikipelekewa chupa hiyo, karatasi itaje aina ya mnyama, umri, mahali hasa pa uvimbe na kilichoonekana kwenye radio.

Neno kuhusu kalunguyeye, kwa kuwa wapo wanaowafuga na muuzaji huorodhesha jina lake kwenye boksi. Fremu hii haimfai. Hana meno ya mbele ya patasi ya kushikilia baa; yake ni madogo na ya ncha, na baa hutoka mara tu anapovutwa. Inasikitisha, kwa sababu ndiye anayehitaji zaidi kufunguliwa kinywa: kansa ya ufizi humpata sana, huanza kama ufizi mwekundu na jino linalolegea, na wengi hutibiwa "ugonjwa wa fizi" hadi mfupa umekwisha. Kwa bahati kinywa chake hufunguka vizuri akiwa amelala, na vitanzi vya kompresi vinatosha. Jino likitoka lenyewe kwa kalunguyeye wa miaka mitatu, chukua kipande cha ufizi siku hiyohiyo.

Usafi wa seti ni rahisi kuharibu. Maji ya Javel (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) hula kromu, na majuma machache yanatosha kuona vidoa. Kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida hakutoshi: Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Tumia sufuria ya presha, na kwa sababu ya mwinuko huohuo usiridhike na dakika 15 za vitabuni. Hesabu nusu saa tangu mvuke uanze kutoka kwa nguvu. Legeza skrubu zote kabla ya kuchemsha, la sivyo damu iliyokauka ndani ya uzi wa skrubu itazikaba. Kausha, tone la mafuta ya parafini, basi. Tupa ya seti hushika unga wa meno na haisafishiki vizuri, na chuma chake ni laini. Hiyo tunaihesabu kuwa zawadi isiyo na thamani.

Baada ya kazi, joto kwanza. Juni na Julai baridi ya hapa inatosha kumuua kobayi anayeamka akiwa na kidevu kilicholowa. Kausha manyoya, weka chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa ubavuni mwake, pima joto hadi lirudi juu ya nyuzi 37. Kisha chakula: punje za sungura zilizosagwa na kulowekwa, kwa sirinji ya mililita 1 iliyokatwa ncha na kulainishwa, pembeni mwa mdomo usio na kidonda. Jumla iwe mililita 50 hadi 60 kwa kilo kwa siku, zigawanywe mara tano au sita. Kobayi hatengenezi vitamini C mwilini, na kidonda hakifungi bila hiyo: ponda kidonge cha miligramu 500 katika mililita 10 za maji, mpe mililita moja kwa siku, na mchanganyiko wa jana umwagwe.

Halafu antibiotiki, na hapa mwenye mnyama aonywe kwa maandishi. Amoksisilini iko kila famasi, mtu huinunua akiona shavu limevimba. Kwa sungura na kobayi, amoksisilini, ampisilini au klindamaisini ya kunywa huua bakteria wema wa tumbo, huacha wale wa sumu, na mnyama aliyepona kinywa hufa kwa kuhara. Trimetoprimu na sulfa, au enrofloksasini, ndizo za kutumia, kwa kipimo cha daktari. Andika pia kwamba mate yakirudi, au uzito ukishuka gramu 50 ndani ya siku mbili, arudishwe. Fremu itolewe tena, ivishwe mirija mipya, na nyuma ya mshono paangaliwe kabla ya kitu kingine.